Tuna Siku Moja Tu ya Mapumziko Mbeya, Twende Wapi?

Wiki hii maswali ya kawaida nimeyaweka pembeni, maana meseji zilizoingia karibu zote zinauliza kitu kimoja. Timu zinakuja Mbeya kwenye mashindano mwezi wa sita na watu wanataka kujua wakimaliza mechi waende wapi. Nimefurahi sana. Nimekaa huku miaka mingi, nimeshapokea timu nyingi, na kinachoniuma kila mara ni kuona watu wamesafiri zaidi ya kilomita 800 halafu wanarudi makwao wanachokijua cha Mbeya ni uwanja, bweni na stendi basi. Yaliyofanana nimeyaunganisha, msininunie kama hujaona jina la mji wako.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mratibu wa timu ya netiboli ya watumishi, tunatokea Bagamoyo, tupo 18 na tuna Coaster yetu wenyewe. Kwenye ratiba tuna siku moja tu isiyo na mechi, kabla ya robo fainali kama tutapita. Wachezaji wanataka Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu na ufukwe wa Matema kule Ziwa Nyasa, yote siku hiyohiyo. Mimi naona tukiamka mapema inawezekana. Unatushaurije? – Mratibu, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuwezekana inawezekana, ila naomba usifanye, na nakwambia hivyo kwa sababu mimi nilishafanya.

Tatizo ni kwamba kwenye ramani vyote vitatu vipo kwenye njia moja, ile barabara inayokata pale Uyole kwenda Tukuyu mpaka Kyela, kwa hiyo mtu anaangalia simu anaona aah mbona hivi vimepangana tu kama vituo vya daladala. Hajui kwamba ile barabara ni ya milima, kona juu ya kona, unapanda Uporoto unashuka, kuna malori, kuna ukungu, na bado hujaanza kutembea kwa miguu.

Siku hiyo tuliyoenda sisi tulipanga kutoka saa kumi na mbili asubuhi, tukatoka saa mbili kasoro maana kuna waliokuwa wanasubiri chai. Ngosi tukamalizana nayo saa saba mchana. Daraja la Mungu tulikaa labda dakika ishirini, watu wanapigiwa honi warudi kwenye gari. Matema tumefika jua linazama, Ziwa Nyasa lile zuri lote tukaliona kama kivuli tu, wengine hata viatu hawakuvua, tukageuza. Kurudi, kuanzia Tukuyu ukungu umefunga, dereva anaendesha kichwa kimetoka dirishani, tukaingia bwenini saa sita usiku, na hakuna aliyekula zaidi ya mahindi ya kuchoma na soda. Kesho yake robo fainali, mfungaji wetu kakamatwa na misuli ya kigimbi kipindi cha pili, analia pale chini, na mimi nikijua kabisa kwamba ile misuli ni ya ule mlima wa Ngosi. Tulifungwa na nilikaa na lile jambo moyoni muda mrefu sana, kwa sababu wale wadada walikuwa wamefanya mazoezi miezi minne.

Kwa hiyo chagueni sehemu moja. Na kwa timu ambayo bado ina mechi, sehemu yenyewe ni Daraja la Mungu, pamoja na Kijungu ambacho kipo jirani, kwa sababu hakuna kupanda mlima. Mnashuka kwenye gari mnatembea kidogo mmefika.

Lile daraja ni la mwamba mtupu, hakuna mtu aliyelijenga, ndio maana likaitwa hivyo. Ni lava ya mlima Rungwe, ilitiririka ikapoa juu ya mto Kiwira, mto ukaendelea kupita chini na kuula mwamba taratibu, likabaki hilo tao. Ukisimama kwenye ukingo unaona jiwe jeusi limeota kuvu na majani mabichi, maji ya mto yanaingia upande mmoja yanatokea upande wa pili yakiwa na povu jeupe, na ukinyamaza kidogo unasikia mlio wa maji unapanda mpaka kwenye nyayo. Nina rafiki yangu alikaa pale nusu saa bila kupiga hata picha moja. Ila mratibu naomba hili ulisimamie mwenyewe, mtu asipande juu ya tao kupiga selfi wala kusogea pembeni, jiwe linateleza hata kiangazi kwa sababu ya unyevu wa mto.

Kijungu ndio hivyo kama jina lake, mto unaingia kwenye shimo la mwamba lililo kama chungu, maji yanazunguka humo yanachemka bila moto. Kipo upande wa chuo cha magereza Kiwira kwa hiyo mnajitambulisha getini vizuri, mnaomba ruhusa, na picha mnapiga pale mlipoambiwa tu. Nendeni na vitambulisho.

Tokeni saa mbili, mkae mpaka saa saba, mkirudi mle ndizi Kiwira au Uyole, saa kumi mpo bwenini mmenyoosha miguu. Ngosi muwekee siku moja baada ya fainali, au siku mtakayotolewa (Mungu apishe mbali). Kupanda kutokea upande wa Isongole ni saa moja na nusu kwa mtu anayetembea taratibu, ndani ya msitu mzito, na kipande cha mwisho kimesimama kweli, unashika mizizi. Mlipie kihalali na mchukue mtu wa kuwaongoza wa palepale, msiende wenyewe kwa kufuata simu. Mkifika kileleni msitu unafunguka ghafla, chini kabisa unaona ziwa la kijani limezungukwa na kuta za kreta pande zote, hakuna mto unaoonekana ukitoka. Wenyeji wanaliheshimu sana lile ziwa, wana simulizi zao za wazee, nyie mkifika muwasikilize na msipige makelele. Kushuka mpaka kwenye maji siwashauri.

Matema njooni siku nyingine na familia mlale hata siku mbili. Ni ya kulala ile, haifai kuiendea mbio.

SWALI: Habari dada. Timu yetu italala kwenye mabweni ya shule, tumeambiwa mwezi wa sita baridi ya Mbeya sio ya mchezo. Tumefikiria tununue majiko mawili ya mkaa tuweke bwenini usiku. Ni wazo zuri? – Kapteni wa timu, Lindi

JIBU: Hapana. Hapana kabisa, na naomba umwambie kila mtu kwenye timu leo hiihii.

Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi. Mtu haamki kukohoa, anazidi tu kulala. Huku kwetu kila msimu wa baridi unasikia habari za namna hiyo, mara nyingi ni wageni au wanafunzi waliopanga chumba, watu waliotaka tu kuota moto. Msije mkadanganyana kwamba mtaacha dirisha moja wazi. Jiko libaki nje.

Baridi ni kweli ipo, Juni na Julai usiku inaweza kushuka chini ya nyuzijoto 10 na kwa mtu wa Lindi hiyo ni kama friji. Dawa yake ni nguo. Siku mtakayofika kabla hamjaenda popote nendeni Mwanjelwa kwenye mitumba, mtapata masweta mazito, soksi za sufu, majaketi, hata mablanketi, kwa hela ambayo haiumizi, na kule Mwanjelwa kwenyewe ni matembezi tosha, mtu anaweza kupotelea kwenye yale mabanda nusu siku nzima akatoka amefurahi. Mchezaji alale na soksi na kofia. Chupa ya plastiki ngumu weka maji ya moto, funga vizuri, zungushia taulo, ingiza kwenye blanketi miguuni dakika kumi kabla ya kulala. Mimi nimelea watoto wangu kwa hiyo chupa.

Na asubuhi msikimbilie kuoga saa kumi na moja kama kwenu. Subirini jua, saa nne mji unakuwa mzuri sana, anga la bluu, mlima Loleza umesimama hapo juu ya mji kama unaweza kuugusa. Kupasha mwili kabla ya mechi ongezeni muda, misuli ya baridi inachanika haraka.

SWALI: Dada mimi nakimbia mbio ndefu, nimefika Mbeya juzi kutoka Tanga. Nikikimbia kilomita tatu tu napumua kama nimekimbia kumi. Mwenzangu ananiambia nipande Mbeya Peak kesho ili mwili uzoee haraka, na ndio nitakuwa nimetalii hapohapo. Mbio zangu ni keshokutwa. – Mkimbiaji

JIBU: Pole, na huumwi. Mji huu upo karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni pungufu karibu asilimia 18 ukilinganisha na ya Tanga. Mwili unazoea lakini kuzoea vizuri kunachukua wiki kadhaa, sio usiku mmoja, na hakuna mlima unaoweza kukufupishia. Mbeya Peak ina zaidi ya mita 2,800, ukipanda kesho keshokutwa utakimbia na mapaja ya kuazima.

Kesho pumzika, kunywa maji mengi kuliko ulivyozoea maana huku hausikii kiu kwa sababu ya baridi lakini mwili unakauka, na siku ya mbio anza taratibu kuliko unavyofikiri, waache wenyeji waondoke. Kama miguu inawasha kutembea chukua bajaji mpaka Uhindini, tembea kwenye ile mitaa ya zamani yenye miti mikubwa, kunywa kahawa, hii kahawa ya Mbeya na Mbozi ni yetu wenyewe. Ukimaliza mbio zako salama ndio upande, na ukitaka kitu kikubwa bila jasho jingi tafuta usafiri wa barabara ya Chunya, ni lami, inapanda mpaka juu ya milima na kuna sehemu wanaita World's End ambapo bonde la Usangu lote lipo chini yako. Nenda asubuhi kabla vumbi halijapanda angani, mchana huoni mbali. Kilele cha Loleza usihangaike nacho, kule juu kuna minara ya mawasiliano.

Ah na wachezaji wa mpira wa miguu mliouliza kwa nini krosi zenu zinapitiliza, ni hewa hiyohiyo, mpira unaenda mbali zaidi kuliko pwani. Njooni siku mbili kabla mzoee.

SWALI: Binti yangu, mimi ni mzee wa miaka 67, namsindikiza mjukuu anayecheza mpira. Magoti hayataki milima. Zamani nilikuwa shabiki mkubwa wa soka, nataka nione kitu cha Mbeya ambacho nitakisimulia nikirudi Singida. – Babu wa winga

JIBU: Shikamoo babu. Swali lako ndio nimelipenda kuliko yote.

Kwanza Uwanja wa Sokoine. Hata kama mjukuu hachezi pale, nenda siku yoyote ukae jukwaani. Pale ndio nyumbani kwa Tanzania Prisons na Mbeya City, na Mbeya City msimu wao wa kwanza ligi kuu, 2013/14, walimaliza nafasi ya tatu na mji huu ulivaa zambarau mpaka kwenye bodaboda. Lakini wewe babu wa enzi hizo nadhani unawakumbuka Tukuyu Stars. Walipanda daraja na mwaka 1986 wakachukua ubingwa wa Tanzania, timu ya mji mdogo wa ndizi na chai na mvua, Simba na Yanga wakiangalia. Kaa na wazee wa pale uwanjani utaje hilo jina tu, hutalipa chai siku hiyo.

Pili, Kimondo cha Mbozi. Hiki gari linakufikisha mpaka karibu kabisa, unafuata barabara ya Tunduma, kipo Mbozi ambayo tangu 2016 ipo mkoa wa Songwe, kama saa moja na nusu hivi kutoka mjini foleni ikiwa nzuri. Sa hivi kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, kuna wahudumu wanakueleza vizuri. Ni donge la chuma lililodondoka kutoka angani, urefu wake kama mita 3, linakadiriwa kuwa tani 16, karibu asilimia 90 ni chuma na kiasi kingine ni nikeli. Wenyeji walikuwa wanalijua tangu zamani, wanasayansi wamekuja kulisikia mwaka 1930. Lilikuwa limefukiwa nusu, wakachimba udongo pembeni likabaki limekaa juu ya kiguzo chake.

Babu ukifika weka kiganja. Uso wake una vishimo vishimo kama mtu aliyebonyeza udongo wa mfinyanzi kwa kidole gumba, ndivyo lilivyoungua likipita kwenye hewa. Tafuta pale ambapo watu wa zamani walikata kipande kwa msumeno, utaona chuma chenyewe ndani kinang'aa. Mimi kila nikienda huwa nasimama hapo kwenye huo mkato. Kitu kimetoka huko kusikojulikana, na ndani yake ni chuma kilekile cha jembe.

Mwambie mjukuu aje na wewe siku isiyo na mechi, gari halichoshi miguu.

SWALI: Tunarudi Dar na basi la kukodi tukiwa na masaa matatu ya ziada njiani. Kuna cha kuona Iringa bila kutoka sana nje ya njia? – Meneja wa timu, Temeke

JIBU: Kipo, Isimila. Ukitokea Mbeya unakipata kabla hujafika Iringa mjini, kama kilomita 20 hivi, unaacha barabara kuu kidogo tu. Kuna makumbusho ndogo na ndani ya korongo kuna nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, zimesimama kama nyumba za mchwa za majitu. Chini zimetapakaa zana za mawe za watu wa kale, mashoka ya mkono, wataalamu walichimba pale miaka ya 1957 na 1958. Wachezaji wenu waangalie tu, jiwe lisiingie mfukoni hata moja. Saa moja na nusu inatosha kabisa, mkibaki na muda pandeni mjini mkaone lile jiwe la Gangilonga, maana yake jiwe linaloongea, mji wote mnauona kutoka pale. Mkitoka Iringa sio zaidi ya saa sita mchana mtashuka mlima Kitonga kweupe na Mikumi mtapita bado mnaona tembo barabarani, dereva apunguze mwendo mule ndani, faini za kugonga mnyama ni kubwa.

SWALI: Zawadi gani ya kupeleka nyumbani, na tule nini? Nina elfu hamsini tu. – Golikipa

JIBU: Elfu hamsini inatosha vizuri mdogo wangu. Kula mbalaga, ndizi za Kinyakyusa zimepikwa na nyama mpaka mchuzi umekuwa mzito, na parachichi la Rungwe pembeni, ila sio asubuhi ya mechi, hiyo inataka mwili wa kulala. Siku ya mechi kula wali maharage au viazi, mapema.

Zawadi, kama ni mama yako mpelekee mchele wa Kyela, nunua Soko Matola au Mwanjelwa kwa mtu uliyeelekezwa na mwenyeji, maana kila gunia siku hizi linaitwa Kyela. Chukua punje kiganjani, sugua, pulizia pumzi ya moto halafu nusa, wa Kyela wenyewe unanukia kabla hata haujafika jikoni. Kama ni dada zako kitenge, huku tupo karibu na mpaka bei zinaelewana. Na ukiona vile vyungu vya Wakisi wa kule Ikombe, vyenye marembo meupe, chukua kimoja kidogo, kifunge kwenye sweta lako na usikiweke kwenye buti la basi, kipakate mpaka nyumbani. Muuzaji akikupunguzia bei mwambie ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, utaona atakavyocheka na anaweza kukuongezea na kifuniko.